Mabweni ya Mutanga: chuo kikuu kilichozaa marais na wakimbizi

Kiriri ni kilima cha Bujumbura, na aliyesoma huko hasahau mandhari yake: Ziwa Tanganyika limetandazwa chini, na ng'ambo yake imesimama milima ya Kongo. Majengo yake yalichorwa na msanifu majengo wa Kibelgiji, Roger Bastin, miaka ya 1950. Kampasi ya Kiriri, ambayo leo ni ya Chuo Kikuu cha Burundi, haikuanza kama chuo kikuu. Wajesuiti waliifungua kama sekondari, Chuo cha Roho Mtakatifu, wakatangaza kuwa itapokea Waafrika, Waasia na Wazungu darasa moja. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi: Mzungu alikuwa na mitaa yake, Mwafrika akapewa Buyenzi na Belge, ndiyo Bwiza ya leo. Katika mji wa namna hiyo, tangazo la Wajesuiti lilikuwa jambo la kushangaza.

Elimu ya juu yenyewe ilichelewa kufika. Mbelgiji aliitawala Ruanda-Urundi kwa zaidi ya miaka 40, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kilele cha masomo kilikuwa shule ya Astrida, iliyofunguliwa na Mabruda wa Upendo ili kuandaa makarani na watoto wa machifu. Watutsi walikuwa wengi mno humo, na hesabu hiyo ya madawati ililipwa kwa gharama kubwa baadaye. Aliyetaka zaidi ya Astrida ilimbidi asafiri: Lovanium kule Léopoldville, iliyoanza 1954, au Ulaya moja kwa moja, kama Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyepelekwa Antwerp. Kwa jirani zetu wa Uganda, Makerere ilikuwapo tangu 1922.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na Januari 1964 kikazaliwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Kiliunganishwa kutoka vipande vya taasisi za mwisho wa ukoloni, kikiwemo kituo cha masomo ya juu cha Wajesuiti, na Wajesuiti hao hao ndio waliokabidhiwa uendeshaji wake. Mwaka 1973 kikaunganishwa na Chuo cha Juu cha Ualimu na Shule ya Taifa ya Utawala, kikawa cha serikali moja kwa moja. Jina la Chuo Kikuu cha Burundi likafuata. Leo kimetawanyika: Mutanga karibu na Nyakabiga, Rohero katikati ya mji, Kiriri kilimani, na Kamenge ambako madaktari wanafunzwa kando ya hospitali ambayo watu wa mji wanaiita kwa jina la Mfalme Khaled.

Historia ya chuo hiki, kwa maoni yangu, haieleweki kwa kuorodhesha vitivo. Ianzie mlangoni. Kwa miongo kadhaa aliyepita mlango huo alipata kitanda, chakula cha mchana na cha usiku, na posho ya kila mwezi, vyote kwa mkono wa serikali. Akimaliza, ofisi ya serikali ilikuwa inamngoja. Nchi haikuwa na viwanda vya kumwajiri mtu, wala kampuni kubwa. Kulikuwa na kahawa, jeshi, Kanisa na ofisi za umma. Kwa hiyo nani aingie Mutanga halikuwa suala la elimu peke yake. Lilikuwa suala la nani atatawala miaka 20 ijayo, na kila serikali ililijua hilo.

Ndiyo maana mwaka 1972 askari walikwenda shuleni. Uasi wa Wahutu ulilipuka tarehe 29 Aprili kusini mwa nchi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisasi cha utawala wa Rais Michel Micombero hakikuishia kwa waasi. Majina ya wanafunzi wa Kihutu yaliitwa chuo kikuu na katika sekondari. Walioitwa wakapandishwa malori, na hawakurudi. Mara nyingine orodha ilikuwa imeandikwa na wanafunzi wenzao, watu waliokula nao meza moja. Waliouawa nchi nzima mwaka ule wanakadiriwa kati ya 100,000 na 300,000, na aliyekuwa na kitabu mkononi alikuwa wa kwanza kutafutwa. Baada ya hapo wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kumpeleka mtoto sekondari. Waliothubutu walilalamika, chini ya rais aliyefuata, Jean-Baptiste Bagaza, kwamba karatasi za mtihani wa taifa zilikuwa zikitiwa alama, "i" au "u", ili msahihishaji ajue kabila la mtoto kabla ya kusoma majibu yake.

Kizazi kilichonusurika kikasomea nje. Melchior Ndadaye alikuwa mwanafunzi wa ualimu Gitega mwaka 1972. Akakimbilia Rwanda, na huko yeye na wenzake wakaunda chama cha wanafunzi Warundi kilichoitwa BAMPERE, mwaka 1976. Tarehe 1 Juni 1993 alichaguliwa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo askari walimuua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza baada ya mauaji hayo, Bujumbura iligawanyika kabila kwa kabila, mtaa kwa mtaa. Machi 1995 Wahutu walifukuzwa Bwiza na Buyenzi. Mwanzoni mwa Juni jeshi liliisafisha Kamenge. Mutanga ikabaki kisiwa, na ndani yake vijana wa Sans Échec, kundi la Kitutsi lililotamba mjini, walikuwa na wenzao mabwenini. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni, wanafunzi wa Kihutu waliuawa humo kampasini. Walionusurika walitoka na nguo walizovaa.

Miongoni mwa waliokimbia mwezi huo wamo wawili ambao kila Mrundi anawajua. Mmoja alikuwa mwalimu msaidizi wa elimu ya viungo, shabiki wa kandanda hadi mwisho wa maisha yake: Pierre Nkurunziza. Mwingine alikuwa mwanafunzi wa sheria, Évariste Ndayishimiye. Wote wawili waliishia msituni, katika kundi la waasi la CNDD-FDD. Wa kwanza akawa rais mwaka 2005, baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha. Wa pili akamrithi mwaka 2020. Tangu 2005, basi, nchi imeongozwa na watu wawili waliofukuzwa Mutanga kwa mtutu. Sijui chuo kingine katika ukanda wetu chenye historia ya namna hiyo.

Ungetarajia watu hao wawe na huruma ya pekee kwa mabweni. Mwishoni mwa Aprili 2015, siku chache tu baada ya maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza kuanza, serikali ilikifunga chuo na kuwaamuru wanafunzi watoke. Wa mikoani hawakuwa na nauli wala pa kulala. Mamia wakaenda kupiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani, wakiamini kuwa polisi wasingewapiga mbele ya macho ya wageni. Walikaa hapo karibu miezi miwili. Tarehe 25 Juni polisi walipokuja kuwatimua, wanafunzi walipenya chini ya geti, wengine wakaruka, wakajikuta kwenye maegesho ya magari ya ubalozi. Picha za vijana wakitambaa kifudifudi chini ya geti zilizunguka dunia nzima.

Kuhusu 1972 serikali haikukaa kimya: Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa 2014, imefukua makaburi ya halaiki, na Desemba 2021 ilitangaza kuwa mauaji yale yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Nakubali kuwa ilikuwa lazima ukweli huo usemwe. Lakini mabweni yaleyale yana kumbukumbu zaidi ya moja, na ya 2015 haina tume.

Ugomvi uliofuata ulikuwa wa sura nyingine. Mapema mwaka 2017 serikali iliamua kuwa posho ya mwanafunzi haitakuwa zawadi tena. Itakuwa mkopo, utakaorudishwa baada ya kupata kazi. Mutanga ikagoma, na baadhi ya viongozi wa wanafunzi wakakamatwa. Hoja ya wagomaji ilikuwa rahisi: kazi ipi hiyo? Ofisi za serikali zimejaa, vyuo binafsi vimeota kila upande wa mji, na cheti cha Mutanga hakifungui tena mlango ambao kilikuwa kikiufungua miaka ya 1970. Katika mgomo ule hakuna aliyeuliza "i" au "u". Kulikuwa na deni la faranga, na wote walidaiwa sawa.