Mwalimu alipolitaka Kanisa liasi

Tarehe 16 Oktoba 1970, huko New York, Rais wa Tanzania alisimama mbele ya masista Wakatoliki wa Shirika la Maryknoll akasema jambo ambalo ni nadra kutoka kinywani mwa mkuu wa nchi: Kanisa lishiriki uasi. Alikusudia uasi dhidi ya mifumo ya jamii na uchumi inayomfunga binadamu katika ufukara na kumvunjia utu wake. Kanisa likikaa pembeni, alionya Mwalimu Julius Nyerere, watu wataliona halina kazi, na Ukristo utabaki ushirikina wa waoga.

Hakuwa mtu wa nje anayewanyooshea wenzake kidole. Alizaliwa Butiama, mtoto wa Chifu Burito, akabatizwa Desemba 1943 akiwa kijana wa miaka 21. Alifundisha Mtakatifu Maria Tabora, kisha Mtakatifu Fransisko Pugu, shule zote mbili za misheni. Mwaka 1955, alipoacha ualimu ili akitumikie chama cha TANU kilichopigania uhuru, alirudi nyumbani Musoma na kwa muda akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll. Kwa hiyo aliokuwa akiwahutubia New York walikuwa kama jamaa zake.

Hoja yake ilianzia mahali ambapo wahubiri wengi huishia. Umaskini wenyewe, alisema, si tatizo kubwa la dunia, kwa sababu maarifa na mali za kuuondoa zipo. Tatizo ni kugawanyika kwa binadamu kuwa matajiri na maskini, wachache wakiwa na amri juu ya maisha ya wengi. Ndiyo maana sadaka peke yake haikumtosha. Kumlisha mwenye njaa ni wajibu, lakini anayemlisha leo na kesho asiulize kwa nini shamba si lake, au kwa nini bei ya pamba yake hupangwa ng'ambo, amemwacha palepale. Na kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, Mwalimu alikataa kumwaza Mungu aliye fukara, mwoga na mwenye kugandamizwa. Sijasoma mahubiri mengi yenye nguvu kuliko hoja hiyo.

Zilikuwa nyakati za maneno mazito. Azimio la Arusha, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa, lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Papa Paulo VI akatoa waraka wa Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa. Hapa nyumbani, serikali ilikuwa imepitisha sheria ya elimu ya 1969 na kuzitaifisha shule za misheni, zikiwemo za Kanisa lililomlea Mwalimu mwenyewe.

Aliyeitikia wito wa Mwalimu kwa mwili wake ni Christopher Mwoleka, aliyekuwa askofu wa Rulenge, huko Ngara. Alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akaishi humo kama mwanakijiji. Kwake ujamaa ulikuwa namna ya kuuishi Utatu Mtakatifu: nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu. Askofu kutoka kwenye nyumba ya uaskofu kwenda kuishi kijijini si jambo dogo, hata leo.

Lakini historia hii ina upande unaouma, na anayempenda Mwalimu hana budi kuusema. Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, alifundisha kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa kulazimishana. Miaka mitano baadaye ikaja Operesheni Vijiji ya serikali yake. Mamilioni ya wakulima walihamishiwa katika vijiji hivyo, wengi kwa nguvu. Kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi. Mfumo uliokusudiwa kumkomboa maskini ukamnyima sauti juu ya mahali pa kulala. Hapo ndipo uasi alioutaka Mwalimu ulipohitajika nyumbani kwake mwenyewe, na sauti za viongozi wa dini zilizothubutu zilikuwa chache mno.

Kosa hilo haliifuti hotuba, bali linaithibitisha. Imani inayopigana na umaskini bila kulinda uhuru wa maskini humgeuza kuwa mzigo wa kusombwa, na imani inayosifu uhuru huku ikinyamazia njaa haimfikii.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Waamini wengi husali kwa ajili hiyo. Nawaomba mapadre, wachungaji na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo waende mbele zaidi: watafute hotuba ile ya 1970, imo katika kitabu chake cha 1973 kinachoitwa pia Uhuru na Maendeleo, waisome kwa sauti siku ya jumuiya, kisha wawaache wakulima, mama lishe na vijana wa bodaboda waseme wao kwanza.