Escort ya Safari na ukoo wa injini yake

Leo tuweke kando mambo ya programu, ingawa mtaona hatujaenda mbali sana.

Ukisimama Kongowea ukahesabu magari yanayopita, utachoka na Toyota na Nissan. Gari la Kiingereza limekuwa jambo la picha. Lakini tukizungumzia mashindano ya Safari, ambayo mara nyingi yalishuka hadi huku Mombasa kabla ya kurudi Nairobi, jina moja la Kiingereza halikwepeki: Ford Escort.

Wapenzi wa MG na Triumph watanipinga. Hayo ndiyo magari ya spoti, watasema: ya chini, ya wazi, ya siti mbili. Sawa, lakini hakuna MG wala Triumph iliyowahi kushinda Safari. Matope ya Pasaka hayana adabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu; mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Gari la spoti la siti mbili lililoshinda, mwaka 1971 na 1973, lilikuwa Datsun 240Z la Mjapani.

Escort yenyewe lilikuwa gari la familia lililoundwa Halewood, karibu na Liverpool, likaingia sokoni 1968. Uspoti wake ulikuwa chini ya boneti, na huko ndiko kwenye nasaba ya kusimulia.

Inaanzia 1959, kwenye Ford Anglia 105E, kigari cha kwendea kazini. Injini yake, ya ukoo ulioitwa Kent, ilikuwa na cc 997 tu. Lakini tazama vipimo: tundu la silinda lilikuwa na upana wa milimita 80.96, huku pistoni ikisafiri milimita 48.4. Tundu pana, safari fupi. Injini ya namna hiyo huvumilia kuzunguka kwa kasi, na ina nafasi ya kukua. Ford waliongeza kimo cha bloku, wakarefusha safari ya pistoni hadi milimita 72.7, upana wakauacha vile vile, wakapata cc 1,498. Hiyo ndiyo Cortina GT iliyoshinda Safari ya 1964 mikononi mwa Peter Hughes na Bill Young.

Hapo ndipo mwandishi wa programu anapoanza kutabasamu. Bloku limekuwa kiini, na hedi ni moduli ya kuchomekwa juu yake. Lotus walichomeka ya kwao, yenye kamshafti mbili, iliyochorwa na Harry Mundy. Ikatoka Lotus Elan ya 1962 (hili sasa ni gari la spoti hasa, hata watu wa MG watakubali), Lotus Cortina ya 1963, kisha Escort Twin Cam ya 1968. Cosworth nao wakaweka hedi ya valvu 16 juu ya bloku la Cortina, na maarifa hayo yakawapeleka kwenye DFV ya 1967, injini iliyokuja kushinda mbio 155 za Formula 1. Waliporudi kwenye bloku la Kent walitengeneza BDA, yenye mkanda badala ya cheni, nayo ikaingia Escort RS1600 ya mwaka 1970.

Kuna ujanja mmoja pale ninaoupenda kuliko yote. Injini ile iliandikishwa kuwa na cc 1,601. Kwa nini hiyo moja? Kwa sababu ikivuka 1,600 inaingia daraja la magari ya hadi cc 2,000, na timu inaruhusiwa kuipanua mpaka huko. Mtu alisoma kanuni zote mpaka mstari wa mwisho!

Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari kwa RS1600. Tangu mashindano yaanze 1953, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyekuwa amewashinda wenyeji. Mwaka 1977, mvua ikimwagika, Björn Waldegård na Hans Thorszelius wakarudia kwa RS1800.

Baadaye Ford wakapatwa na ugonjwa wetu wa kufuta na kuandika upya. Escort ya 1980 ilivutwa na magurudumu ya mbele. Mradi wa kuirudisha kwenye mashindano, RS1700T, ulifutwa 1983 kabla haujashindana. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, maana Wajapani walikuwa moto. Lakini Ford haikushinda tena Safari hadi 2002, kwa Focus ya Colin McRae. Miaka 25.

Injini za ukoo wa Kent ziliendelea kufungwa kwenye kigari cha Ka hadi mwaka huo huo wa 2002. Na katika Safari Classic ya 2007, mashindano ya magari ya zamani, Waldegård alirudi na Escort, mwanawe Mathias akiwa msomaji wake wa ramani. Wakashinda.