Joan Kirner, waziri aliyeketi na walimaji

Wahitimu wenzangu, mie ni mtu wa agronomia, siasa sisomi sana. Lakini habari ya mama huyu niliisoma mara mbili.

Alikuwa mwalimu na mtetezi wa wazazi wa shule katika jimbo la Victoria, Australia. Mwaka 1982 aliingia bunge la jimbo kwa chama cha Labor, ni kusema chama cha wafanyakazi. 1985 akapewa wizara ya mazingira, misitu na ardhi. Diploma ya udongo hakuwa nayo! Njo akaketi na Heather Mitchell, mkubwa wa shirikisho la wakulima, na 1986 wakaanzisha Landcare: walimaji majirani wanafanya kikundi, wanachagua wao wenyewe kazi ya kuponya udongo wao, Leta inawasaidia.

1990 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya Victoria. Madeni yalikuwa mengi, 1992 uchaguzi ukamwangusha. Vikundi vilibaki, Landcare ilikuwa imeshafika nchi nzima.

Mie nilisimamia mitaro ya mradi fulani kwenye mlima wa kwetu. Mradi ulipoondoka, walimaji waliifukia, wakapanda mihogo juu yake. Kaye yangu ilijaa vipimo, lakini hakuna ukurasa hata moja nilipoandika wao walitaka nini.