Jeonwon Ilgi: kijiji kilichobaki kwenye televizyo

Wandugu, ninyi wenye kubadilishana seri za Korea kwenye flashi, pengine mumeangalia Our Blues ya mwaka 2022. Ni ile ya kisiwa cha Jeju, watu wengi, kila mtu na mzigo wake. Mule iko wamama wazee wawili: Ok-dong, mwenye kansa, na rafiki yake Chun-hee, anayezamia baharini kutafuta chakula. Sisi tuliona tu waigizaji wazuri. Lakini Mkorea wa miaka 50 aliona kitu kingine. Aliona mama mkwe na mke wa mtoto wake wa kwanza, wamekutana tena baada ya miaka 20. Kim Hye-ja na Go Doo-shim walikuwa wameishi nyumba moja, kwenye televizyo, tangu mwaka 1980 mpaka 2002.

Nyumba hiyo ilikuwa ya seri inayoitwa Jeonwon Ilgi, maana yake kama "daftari la maisha ya shambani". Televizyo MBC ilianza kuionyesha tarehe 21 Oktoba 1980, ikafunga tarehe 29 Disemba 2002. Sehemu 1,088. Huko kwao hakuna seri nyingine iliyodumu hivyo, na hizi zote tunazopenda leo, Reply 1988 na zingine zisizo na jambazi wala tajiri mwenye siri, kwangu mimi ni wajukuu wake.

Kijiji kiliitwa Yangchon-ri, na hakipo kwenye karata. Katikati iko familia ya Mwenyekiti Kim, vizazi vine chini ya paa moja: mama yake mzee, bibi yake, watoto na wajukuu. Mtoto wa kwanza anafanya kazi ya serikali. Wa pili, Yong-sik, amebaki kulima. Mmoja, Geum-dong, ni mtoto waliyemuokota wakamlea. Jirani yuko mama ya Il-yong, mjane, mdomo hauna breki. Na hadithi? Hakuna hadithi kubwa. Ngombe amegonjwa, mtu amekopa na hajarudisha, mke wa mtoto amekasirika na hasemi. Jambo moja kwa wiki, linaisha, wanakula.

Kitu kimoja kilinichekesha. Choi Bool-am, aliyecheza Mwenyekiti Kim, alikuwa na miaka 40 tu wakati ule. Kim Hye-ja hakufika hata 40. Na Kim Soo-mi, yule mama mjane mwenye mgongo wa kupinda na sauti ya kizee, alikuwa na miaka kama 30! Wazee wa kijiji cha Korea walikuwa vijana wa mjini waliovalishwa mvi.

Sasa angalia vizuri ile mwaka 1980. Mwezi wa tano jeshi liliua raia Gwangju. Mwezi wa tisa Jenerali Chun Doo-hwan alikuwa rais. Televizyo haikuweza kusema neno juu ya mambo hayo. Kijiji kilikuwa mahali salama pa kupeleka kamera. Hiyo wengi wanaisema, na ni kweli. Lakini mimi niliyesoma kilimo naona jambo lingine, nalo ni mpunga.

Miaka ya 70 serikali ya Park Chung-hee iliwasukuma wakulima kupanda mpunga mpya, Tongil. Ulizaliwa kwa kuchanganya mpunga wa nchi za joto, indika, na ule wa kwao, japonika, kazi iliyofanyika pamoja na kituo cha IRRI kule Filipino. Shina fupi, halianguki hata ukitia mbolea nyingi, na mavuno yanapita ya zamani mbali. Mwaka 1977 nchi ilitangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Watu walilalamika wali wake hauna utamu, lakini ofisa alipokuja shambani ulipanda tu. Shida ni kwamba damu ya indika haipendi baridi. Mwaka 1978 ugonjwa wa kuvu uliingia mashambani, na kiangazi cha 1980 kikaja na baridi mbaya kabisa, wakati mpunga unatoa masuke. Mpunga ukipata baridi wakati huo, suke linasimama zuri na ndani ni kapi. Mavuno yalianguka, Korea ikanunua mchele nje kwa wingi.

Kwa hiyo seri hii ya amani, ya wali na kimchi, ilianza Oktoba, mwezi wa kuvuna, katika mwaka ambao wakulima wa kweli walikuwa wanavuna makapi.

Wenzangu wa fakilte munajua jinsi Saemaul Undong inavyosifiwa. Kila mwalimu anayo: mwaka 1970 serikali ikagawa mifuko 335 ya simenti kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000, watu wakajenga barabara na kutoa paa za nyasi. Sikatai, barabara zilijengwa. Ila mwalimu hasemi kwamba barabara ile ile nzuri ndiyo vijana walipitia kuondoka. Mwaka 1980 watu wa familia za wakulima Korea walikuwa karibu milioni 10.8, zaidi ya mtu mmoja kwa wanne. Mwaka 2000 walibaki karibu milioni 4, hawafiki hata mmoja kwa kumi. Seri iko hewani muda wote huo! Kila Jumanne, halafu baadaye Jumapili asubuhi, Yangchon-ri inajaa watu, na vijiji vya kweli vinabaki na wazee.

Basi nani alikuwa anaangalia? Wakulima waliangalia, ndiyo. Lakini mimi naona moyo wa seri ulikuwa kwa wale waliofika Seoul, wanalala kwenye vyumba vya kupanga, mama yao yuko nyuma. Sehemu moja inakumbukwa mpaka leo. Familia imeleta simu nyumbani kwa mara ya kwanza. Kila mtu anapiga, anapiga tena, furaha. Usiku wote wamelala, mama, yaani Kim Hye-ja, anashika simu polepole na kuomba waunganishe na mama yake. Mama yake alishakufa zamani. Anaongea tu, anamuuliza habari, analia.

Niliiona hiyo sehemu kwa simu yangu, bila kuelewa neno moja la Kikorea, na nikaacha kuangalia kwa siku mbili.

Juu ya nini? Juu ya mimi pia niko mjini. Lisansi ya agronomia iko ukutani, natafuta kazi kwenye mashirika, na anayelima ni baba yangu, ambaye hakusoma kilimo hata siku moja. Nikimpigia ananiuliza kama nimekula. Mimi namuuliza kama mvua imenyesha. Yong-sik, mtoto wa pili aliyebaki shambani, nilimpenda sana, nikaanza kusoma habari za mwigizaji wake. Anaitwa Yu In-chon. Mwaka 2008 akawa waziri wa utamaduni, mjini Seoul. Hata yule aliyebaki hakubaki, nikacheka peke yangu.

Mwaka 2002 ilipofungwa, kilimo cha Korea kilikuwa kimeshapita mapatano ya biashara ya Uruguay Round, yaliyofungua mlango kwa mchele wa nje, na msukosuko wa fedha wa 1997. Waandishi wangeandika nini tena? Nyumba yenye vizazi vine ilikuwa kitu cha kueleza watoto. Nadhani ilikufa kwa kuchelewa, kijiji kilitangulia.

Mwaka 2021 MBC iliwakusanya waigizaji katika filamu ya kumbukumbu. Kim Soo-mi alikuwa bado hai. Alifariki Oktoba 2024, na miaka 75. Umri wa yule mama mjane alikuwa ameshaufikia kweli, na mvi zilikuwa zake.