Panpaper ya Webuye: Miaka 50 Tangu Karatasi ya Kwanza

Mwaka 1969, mji wetu ukiwa bado unaitwa Broderick Falls, palikatwa shauri lililogeuza maisha ya Magharibi nzima: Kenya ijitengenezee karatasi yake. Hadi wakati huo karatasi za kuandikia na za kuchapia zilikuwa zikishushwa melini Mombasa, na daftari la mtoto wa Kimilili lilisafiri kuliko mzazi wake. Washirika wa mradi walikuwa watatu: Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper ya India, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni za kibinafsi. Jina likatolewa kwa fahari: Pan African Paper Mills. Sisi wenyeji tukalifupisha tu, Panpaper, na ndilo lililobaki vinywani.

Waliochagua mahali hapa walikuwa na macho. Mto Nzoia unapita hapa ukitoka milima ya Cherangani, na kiwanda cha karatasi hunywa maji mchana na usiku. Reli ya kwenda Malaba ilikuwa tayari imelala mlangoni. Mashariki kidogo, kwenye reli hiyohiyo, kulikuwa na mashamba ya miti ya Turbo. Na watu walikuwepo, watu wa kazi, chini ya kilima cha Chetambe ambako mababu zetu Wabukusu walisimama kuwakabili Waingereza mwaka 1895. Hakuna mwekezaji aliyetufundisha ujasiri.

Nataka vijana waujue mpango wa miti, maana ndio uliokuwa moyo wa kazi yote. Idara ya Misitu ilimpa mkulima kipande cha msitu uliokatwa, alime mahindi na maharagwe, na katikati ya mistari apande miche ya misonobari au misanduku. Akipalilia chakula chake, amepalilia na mti. Baada ya miaka kama mitatu kivuli kinafunga, mkulima anahamia kipande kingine, na msitu unabaki umesimama. Tuliuita mfumo wa shamba. Familia zilikula, nchi ikapata miti, kiwanda kikapata magogo. Sijaona mpango mwingine uliowaunganisha maskini, serikali na mwenye mtaji kwa gharama ndogo namna ile.

Mwaka 1974 mitambo ikaanza kazi. Magogo yalimenywa maganda, yakakatwakatwa kuwa vibanzi, vibanzi vikapikwa kwa dawa ndani ya matangi makubwa yenye joto na shinikizo hadi vikawa rojo. Maji meusi yaliyobaki hayakumwagwa yote ovyo: yalikaushwa na kuchomwa katika boila, yakatoa mvuke wa kuendeshea mitambo, na dawa nyingi ikarudi kutumika tena. Rojo likaoshwa, likafanywa jeupe, likatandazwa juu ya waya unaokwenda kasi, likakamuliwa, likapita kwenye magurudumu ya moto, na mwisho likajiviringa kuwa roli ndefu kuliko mtu. Aliyeiona karatasi ikishika waya kwa mara ya kwanza bila kukatika hawezi kusahau. Mafundi kutoka India waliijua kazi hiyo kama wajuavyo majina ya watoto wao, na walisimama na vijana wetu zamu kwa zamu mpaka vijana nao wakaijua. Kijana aliyeingia kama kibarua wa kubeba magogo aliweza kuishia kusimamia mtambo. Hiyo ndiyo elimu ambayo Webuye ilipewa, na tunawashukuru waliotupa.

Mji ukafurika. Watu walikuja kutoka Kakamega, Kisumu, Eldoret, hata Uganda. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa, maduka yakafunguliwa, mahindi ya mama mboga yakawa na mnunuzi kila jioni ya mshahara. Timu yetu ya Pan Paper ikapanda hadi ligi kuu ya taifa. Wageni walilalamikia harufu, na ni kweli ilikuwa kali, kama yai viza. Moshi nao ulikula mabati ya jirani kabla ya wakati wake. Kuhusu uchafu wa mto pia palikuwa na maneno. Mabwawa ya kusafishia maji machafu yalichimbwa, na kasoro nyingine zilirekebishwa polepole kuliko walivyotaka majirani.

Soko lilipata pigo la kwanza mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania kufungwa. Tanzania baadaye ikajenga kiwanda chake Mgololo, kilichoanza mwaka 1985. Panpaper haikutetereka, ilipanuka, na kwa miaka mingi vitabu vya shule, karatasi za kaki na mifuko ya saruji ya nchi hii vilitoka hapa.

Yaliyofuata nayaorodhesha tu, maana wengi mmeyaona. Miaka ya 1990: soko huria, karatasi za bei nafuu kutoka nje, shilingi kushuka huku mikopo ikidaiwa kwa fedha za kigeni. 1999: ukataji miti katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku, Panpaper ikiwa miongoni mwa kampuni chache zilizoachwa ziendelee. 2003: elimu ya msingi bila malipo, daftari zikahitajika kwa mamilioni. 2008: mafuta ya mitambo yakapanda bei mno. Januari 2009: umeme ulikatwa kwa sababu ya madeni, kiwanda kikafungwa na kuwekwa chini ya mrasimu. 2010: serikali ilikifufua, kikazunguka kwa muda mfupi. 2016: kundi la Rai lilikinunua kwa shilingi milioni 900, kikaitwa Rai Paper. 2017: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, karatasi ya kaki ikapata heshima mpya. 2018 hadi 2023: ukataji miti ulisitishwa tena.

Wanaosema simu na kompyuta ndizo zilizoiua karatasi hawajaingia darasa la shule ya msingi wala duka la unga. Wateja hawakupungua. Kilichopungua ni miti iliyorudishwa ardhini baada ya kukatwa, na uvumilivu wa kumlinda mzalishaji wa nyumbani dhidi ya bei za nje.

Msonobari wa kutengenezea karatasi huhitaji miaka 15 au zaidi kukomaa. Kwa hiyo naomba wamiliki wa sasa, Shirika la Misitu na wakulima wa Turbo, Lugari na Webuye wakae meza moja kabla ya mvua ya Machi, wapange nani atapanda, wapi, na atalipwa bei gani siku ya kukata.