Nanasi, Tui na Waragi: Historia ya Glasi Moja na Majina Yake

Katika somo la tafsiri, wanafunzi wetu hupewa hotuba, vifungu vya sheria na habari za magazetini. Maelekezo ya kutengeneza chakula au kinywaji hupewa nafasi kwa nadra, kwa madai kwamba msamiati wake ni mwepesi. Makala haya yanapinga dai hilo kwa mfano mmoja, nao ni kinywaji kizito cha nanasi, tui la nazi na ramu, kijulikanacho duniani kwa jina la piña colada. Tukijaribu kukieleza kwa Kiswahili kwa msomaji wa Mbarara, wa Kikagate iliyo mpakani na Tanzania, au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, maneno mawili ya kwanza hayatatusumbua sana. La tatu lina majina mengi, na kila jina lina historia yake. Isitoshe, kutokujua majina hayo kunaweza kugharimu maisha ya watu.

Kinywaji chenyewe

Piña colada ni maneno ya Kihispania yenye maana ya "nanasi lililochujwa". Kinywaji hiki kinahusishwa na kisiwa cha Puerto Rico katika bahari ya Karibi. Hoteli ya Caribe Hilton ya mjini San Juan hudai kwamba mhudumu wake, Ramón Marrero, ndiye aliyekibuni mwaka 1954, ingawa wapo wengine wanaodai sifa hiyo hiyo. Mwaka 1978 serikali ya Puerto Rico ilikitangaza kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa hicho.

Kukitengeneza nyumbani si kazi kubwa. Kwa glasi moja huhitajika maji ya nanasi mililita 50, tui zito mililita 30 na ramu nyeupe mililita 50. Vyote husagwa pamoja na barafu hadi viwe laini kama maziwa mazito. Asiyetumia kileo huiacha ramu akaongeza nanasi, na utamu haupungui.

Nanasi na tui

Nanasi ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Asili ya tunda hilo ni Amerika ya Kusini, na jina lake lilitoka katika lugha za wenyeji wa huko, likachukuliwa na Wareno na kusambaa katika bandari nyingi za dunia. Waswahili husema nanasi, na Waganda husema ennaanansi. Mwalimu hana la kufafanua hapa, kwani neno linaeleweka Mombasa, Bukavu na Mbarara vile vile.

Tui lina ugumu kidogo. Mnazi haustawi katika nyanda za juu za Ankole, na nazi inayouzwa Mbarara imesafirishwa kutoka mbali. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa huku hukutana na maneno ya nazi kitabuni kabla hajakutana nayo jikoni. Akisoma kwamba nazi hukunwa kwa mbuzi, humfikiria mnyama, kumbe ni kibao chenye chuma cha meno kinachokaliwa wakati wa kukuna. Akisoma "tui la kwanza", hana budi kuelezwa kwamba nazi iliyokunwa hutiwa maji kidogo ikakamuliwa, ikatoa tui zito, kisha huongezwa maji na kukamuliwa tena ili kupata tui jepesi. Kinywaji chetu kinahitaji lile la kwanza. Hata hivyo, tofauti hii ni ya mazingira tu. Mwanafunzi akishaonyeshwa nazi na mbuzi, tatizo limekwisha.

Ramu na ndugu zake

Ramu ni kileo kikali kinachotokana na miwa, hasa na molasi, yaani uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari. Molasi huchachushwa, kisha huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa matone. Kamusi hutupa kitenzi kukeneka kwa kazi hiyo. Wananchi wao husema "kupika". Mgema hugema tembo la mnazi, mama wa nyumbani huchachusha pombe ya nafaka, lakini gongo, chang'aa na waragi hupikwa. Vitenzi hivi vitatu, kugema, kuchachusha na kupika, vinaeleza tofauti ambayo neno pombe peke yake haliwezi kuibeba.

Nchini Uganda kileo kinachopikwa hujulikana zaidi kwa jina la waragi. Wapo wanaosema kwamba neno hili limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "jini ya vita". Maelezo hayo yanapendeza, lakini kuna yenye nguvu zaidi. Katika Kiarabu, neno araki lina maana ya jasho, kwa kuwa kileo hicho hudondoka kama matone ya jasho. Nchini Sudan huitwa aragi, na nchini Ethiopia areki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipitia Ankole akielekea Ziwa Albert, na huko akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya Emin Pasha kuondoka. Askari hao na jamaa zao ni miongoni mwa wahenga wa Wanubi wa Uganda, ambao lugha yao, Kinubi, imejengwa juu ya Kiarabu. Wanubi walijulikana kwa upishi wa kileo hiki, na ni rahisi kuona jinsi aragi ilivyogeuka waragi vinywani mwa majirani zao.

Sheria ilipogawa jina

Katika enzi za ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupika kileo kikali. Baada ya Uhuru serikali ilibadili mbinu. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilitaka kila mpishi awe na leseni na auze kileo chake kwa kiwanda kilichoidhinishwa, ambacho kingekisafisha na kukitia katika chupa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana chupa ya Uganda Waragi.

Kwa upande wa lugha, matokeo yake yanafaa kuzingatiwa. Kileo kilekile kilipata majina mawili ya kisheria. Kilichotoka kwa mpishi kijijini kiliitwa enguli, na kilichotoka kiwandani kikaitwa waragi. Wananchi hawakuufuata mgawanyo huo. Mpaka leo chupa ya dukani ni waragi, na kile kinachotolewa ndani ya jerikeni nacho ni waragi. Mtu akisema "nimekunywa waragi", hatujui amekunywa kitu kilichopimwa kiwandani au la.

Tanzania ilipitia njia inayofanana na hiyo. Sheria ya mwaka 1966 ilikiita kileo cha kupikwa moshi, wananchi wakaendelea kukiita gongo, na kiwanda kikatoa Konyagi, jina lililotokana na konyaki ya Wafaransa. Nchini Kenya, chang'aa ilikuwa haramu hadi mwaka 2010, sheria mpya iliporuhusu itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa.

Kikagate na Nakivale

Majina haya yote hukutana katika eneo letu. Kikagate iko kando ya mto Kagera, na ng'ambo yake ni Murongo, Tanzania. Katika enzi za ukoloni machimbo ya bati yaliwavuta wafanyakazi hapo. Nakivale, iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda kuelekea mwaka 1960, na baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Wengi wao, hasa waliotoka Kongo ya mashariki na Burundi, huwasiliana na majirani zao kwa Kiswahili.

Isingiro ni nchi ya ndizi, na pombe ya ndizi hutengenezwa kwa njia inayofanana katika ukanda huu wote. Ndizi huivishwa shimoni au juu ya moto mdogo, hukamuliwa pamoja na nyasi, na maji yake huchujwa. Juisi hiyo tamu, ambayo Wanyankore huiita eshande, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa hadi ichachuke. Mnyankore ataiita tonto, Mnyarwanda urwagwa, Mrundi urwarwa, Mhaya rubisi, na Mkongo wa Kivu kasiksi. Ikishapikwa ikawa kileo kikali, majina hubadilika tena. Hapo tutasikia enguli au waragi, kanyanga kwa Wanyarwanda, gongo kwa Watanzania, lotoko kwa Wakongo. Watu wawili wanaweza kuwa wanazungumza Kiswahili kizuri kabisa, wote wakazungumzia kinywaji kimoja, na wasielewane.

Kwa nini jambo hili lituhusu

Methali inasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wahenga waliijua hila ya muuzaji, lakini maji hayaui. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wapatao 80 waliripotiwa kufariki kwa kunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Methanoli ni alkoholi ya viwandani, na mnywaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa kuionja. Madhara yake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, mara nyingine siku nzima. Ndipo huja maumivu ya kichwa na tumbo, kutapika na ukungu machoni. Wanaopona wanaweza kubaki vipofu. Aliyeona dalili hizi apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja "pombe itoke".

Sasa tufikirie tangazo la Kiswahili linaloonya, "Msinywe waragi isiyo na leseni." Mkongo anayekunywa lotoko anaweza kuona kwamba halimhusu, na Mtanzania wa Murongo aliyezoea gongo vivyo hivyo. Tukiandika "pombe haramu", tunamtia hofu hata mama anayechachusha tonto, na bado hatujataja sumu yenyewe. Mwandishi wa tangazo hilo huenda ni mhitimu wa idara kama yetu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kazi ya kuandika matangazo ya aina hii inatuangukia sisi zaidi na zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, maandishi ya upishi yaingizwe katika somo la tafsiri, na piña colada iwe zoezi la kuanzia. Anayeitengeneza huku bila ramu anaweza kutumia waragi, lakini aandike wazi kwamba ni ile ya kiwandani, katika chupa iliyofungwa, wala si ya jerikeni. La pili, wanafunzi wanaokwenda Kikagate na Nakivale wakusanye orodha yenye safu nne: jina la kinywaji, lugha linakotumika, kinachotengenezewa, na kama kinagemwa, kinachachushwa au kinapikwa. Vinywaji vilivyo katika kundi la kupikwa ndivyo vitakavyotajwa katika onyo, kimoja baada ya kingine, kwa majina ambayo wanywaji wenyewe huyatumia.