Heringi Mwekundu wa William Cobbett

Habari inayowavuta watu mbali na jambo lenyewe, Waingereza huiita heringi mwekundu. Kabla hajawa msemo, heringi huyu alikuwa kitoweo. Huko Great Yarmouth, mji wa wavuvi mashariki mwa Uingereza, alivuliwa kwa wingi tangu karne za kati. Ana mafuta mengi na huoza upesi, kwa hiyo walimlaza mzima mzima kwenye chumvi, kisha wakamtundika juu ya moshi wa kuni kwa siku nyingi, mpaka nyama ikakauka kabisa na ngozi ikawa nyekundu kama shaba. Alikaa muda mrefu bila kuharibika, lakini harufu yake haikufichika.

Mwaka 1599 mwandishi Thomas Nashe, aliyekuwa amekimbia London baada ya mchezo wake wa kuigiza kuwaudhi wakubwa, alitoa kitabu cha kumsifu samaki huyo pamoja na mji wa Yarmouth uliompokea. Humo alisema kwamba hakuna kinachowavutia mbwa wa kuwinda kama ngozi yake. Kuwavutia, si kuwapoteza.

Mwongozo mmoja wa uwindaji wa mwishoni mwa karne ya 17 unakubaliana naye. Ulishauri mzoga wa paka au wa mbweha uburutwe ardhini maili 3 au 4, na ukikosekana, heringi mwekundu atumike badala yake. Kisha mbwa wafunguliwe waifuate ile harufu, na mpanda farasi awe nyuma yao. Aliyekuwa akifundishwa ni farasi, azoee mbio ndefu za msako.

Wasomaji wa baadaye waliyapindua maelezo hayo. Wakadhani walengwa ni mbwa, na kwamba samaki aliwekwa ili kuwapima kama watababaika. Zikaongezwa hadithi za wafungwa waliotoroka huku wakiburuta heringi kuwapoteza mbwa wa askari. Hadithi hizo zinapendeza, ndiyo maana zimesambaa sana.

Maana ya kupotosha ilienea kupitia gazeti. William Cobbett, mtoto wa mkulima wa Farnham, alikuwa na jarida lake, Political Register, na ulimi usiomwogopa waziri wala jenerali. Mwanzoni mwa 1807 magazeti ya Uingereza yaliibeba kwa shangwe habari kwamba Napoleon ameshindwa vitani. Habari ikawa si ya kweli, na wakati huo mambo mazito ya nyumbani yalikuwa yamewekwa kando. Katika toleo la tarehe 14 Februari, Cobbett alisimulia kwamba utotoni aliwahi kumburuta heringi mwekundu ili kuwatoa mbwa kwenye njia ya sungura. Kisha akasema waandishi wenzake wamefanywa vivyo hivyo kisiasa. Alikuwa anawaumbua wenzake hadharani, na walistahili.

Kisa hicho alikisimulia tena mwaka 1833, akiwa mbunge wa Oldham.

Mwaka 2008 Gerald Cohen na Robert Scott Ross walichapisha utafiti uliorudi kwenye maandishi hayo ya kale, wakaonyesha mahali ule mwongozo uliposomwa vibaya. Hakuna ushahidi kwamba wawindaji wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuwapoteza mbwa kwa samaki. Maana ya kupotosha ilienezwa na kalamu ya Cobbett.